Nimekwama kwenye kijumba cha mbao juu ya Lushoto, nibaki au niwashe pikipiki niondoke?

SWALI: Habari kaka. Mimi ni dada wa Nairobi, miaka 31, niko kwa safari ya pikipiki cc 250 kuelekea Cape Town, niko peke yangu. Nimesimama huku juu ya Lushoto karibu na msitu wa Magamba nikingoja masika yapungue, nimekodi kijumba cha mbao hadi mwisho wa Mei. Nilidhani itakuwa raha lakini wiki ya kwanza tu imenishinda. Usiku kuna kitu kinalia msituni kama mtu anakabwa koo, silali. Baridi nayo imezidi hadi nalala na jiko ya makaa ndani, asubuhi naamka kichwa kinauma. Mchana najikuta nimewasha pikipiki nimeshuka mjini bila sababu yoyote. Majirani wananiangalia tu. Naona napoteza muda, si afadhali niendelee na safari?

JIBU: Mdogo wangu, hayo mengine yote yatasubiri, kwanza hilo jiko. Leo hii kabla giza halijaingia jiko la mkaa litoke nje, na usilale nalo ndani tena hata kama baridi inakuuma vipi. Hicho kichwa kinachokuuma asubuhi usikihesabu kama uchovu wa safari. Mkaa ukiungua unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi haina harufu, na mbaya zaidi watu wengi wanaamini mkaa ukishaiva ukawa mwekundu bila moshi basi uko salama, wapi, hapo ndo kabisa huna kitu cha kukuonya. Hiyo hewa inang'ang'ania kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unakosa hewa taratibu huku unaona usingizi mtamu tu. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu, ndo dalili zake, na mtu aliyelala hazisikii. Kila msimu wa baridi kwenye milima yetu watu wanafungiwa kwenye majeneza kwa jambo hili, na kuacha dirisha wazi kidogo sio dawa. Tena kama kichwa hakiachi hata baada ya kushinda nje kwenye hewa safi, nenda hospitali ya wilaya pale Lushoto mjini uwaambie wazi kwamba umekuwa ukilala na mkaa, wasije wakakupima malaria peke yake wakakurudisha nyumbani.

Joto la usiku utalipata kwa njia nyingine. Chemsha maji nje, jaza kwenye chupa ya chuma au chupa ngumu yenye kizibo kinachobana, ivalishe soksi, iingize kwenye blanketi miguuni dakika kama ishirini kabla hujapanda kitandani. Vaa kofia ya sufu ukilala. Chini ya godoro weka kitu, mkeka, maboksi, hata lile jaketi lako la mvua, sababu kwenye vijumba vya mbao baridi inatokea chini ya sakafu na watu wanaongeza blanketi juu tu wanashangaa mbona hazisaidii. Na kula usiku, tumbo tupu halina joto.

Kuna habari moja napenda kuwapa wote wanaokwenda kukaa peke yao. Mwaka 1934 admirali mmoja wa Marekani, Richard Byrd, alikaa peke yake msimu wa baridi kule Antaktika kwenye kibanda kilichofukiwa kwenye barafu, kazi yake kupima hali ya hewa, wenzake wakiwa kambi kuu umbali wa kama kilometa 200. Jiko na jenereta ya redio vikawa vinamjazia hewa hiyohiyo ninayokwambia. Akaumwa vibaya na hakutaka kuwaambia wenzake maana aliogopa watakufa njiani wakimfuata gizani. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa na ratiba ya kuwasiliana nao kwa redio, sasa ujumbe wake ukaanza kuwa wa ovyo ovyo, haueleweki, na wale waliomzoea wakajua huyu mtu hayuko sawa. Mwezi wa nane wakamfikia akiwa hai.

Nimekuletea hiyo kwa sababu moja kubwa, na ndo jibu langu lote kwako kama utachukua kitu kimoja tu: kukaa peke yako kunawezekana, tena kunapendeza, ila lazima kuwe na watu wachache wanaojua ukiwa mzima unakuwaje. Wewe saivi huna hata mmoja. Nairobi wanajua uko "Tanzania huko", majirani wanajua kuna msichana wa pikipiki, basi. Nadhani woga wako wa usiku mwingi unatoka hapo, kuliko hata huyo anayelia msituni.

Na huyo anayelia ngoja nimmalize. Ni perere. Mnyama mdogo, anakaribia ukubwa wa sungura mkubwa, ana manyoya, anaishi kwenye mashimo ya miti, anakula majani. Dume ndo linapiga hizo kelele usiku kutangaza eneo lake, linaanza taratibu kama mlango unaokwaruza halafu linapanda mpaka linakuwa ule ukelele unaousikia, mgeni yeyote wa milima hii ya Usambara akiusikia mara ya kwanza anajua kuna mtu anauawa. Cha ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu kwenye uzao ni tembo na nguva, ukimwona huwezi kuamini. Hana habari na wewe. Ukisikia pia kitu kama mtoto mchanga analia hiyo ni komba, huyo nyie huko Kenya mnamjua. Na alfajiri ule mngurumo mzito unaopokezana kutoka juu ya miti ni mbega. Fanya hivi, usiku wa leo ukimsikia perere usijifunike kichwa, kaa kitandani usikilize anatokea upande gani, anapumzika muda gani, yuko mmoja au anajibiwa na mwenzake. Siku chache tu utakuwa unamjua mahali pake na masikio yatamzoea. Ukiweza mchana nenda na mwongozo wa msitu akuonyeshe miti wanayolala. Ila usiingie Magamba kienyeji, ni hifadhi ya mazingira asilia iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna utaratibu wake na ada, na kuni za mle ndani usiokote bila ruhusa, nunua kwa wanakijiji.

Sasa twende kwa hao majirani wanaokuangalia.

Jaribu kukaa upande wao. Mtu mzima, mwanamke, ana afya yake, amekuja na pikipiki yenye namba za Kenya, amejifungia pembeni ya msitu, hana shamba, hana ndugu, hana biashara, jioni anajifungia. Kwetu mtu hakai hivyo bila sababu. Aidha ana msiba, aidha amekimbia kitu, aidha ni mgonjwa, aidha ana mambo ya kiza. Hawakuchukii, wanasubiri uwaambie wewe ni nani, na kila siku unayopita na helmeti kichwani bila kusimama unazidi kuwa fumbo. Mimi nimeongoza waendesha pikipiki kwenye milima hii na kukaa kwenye vijumba vya namna hiyo misimu mingi, nakuhakikishia hakuna upweke mbaya kama wa kuwa fumbo kwa watu wanaokuona kila siku.

Kwa hiyo kesho asubuhi mwambie mwenye kijumba akupeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usiende na pikipiki, nenda kwa miguu. Salimia shikamoo kwa kila aliyekuzidi hata kidogo, najua Nairobi mnairuka ila huku usipoitoa ni kama hujasalimia. Jieleze kwa ufupi: unaitwa nani, unatoka wapi, unakwenda wapi, unasubiri mvua iishe, utaondoka mwisho wa mwezi wa tano, unapenda utulivu ndo maana uko peke yako. Sema hivyo hivyo, "napenda utulivu", wataelewa, watu wa huku sio wapiga kelele. Acha namba yako na namba ya mtu wako wa nyumbani. Halafu chagua nyumba moja ya karibu, ya mama mwenye familia, ununue kwake kitu kila siku, maziwa, mayai, mboga, chochote, hata kama mjini ni rahisi zaidi. Hapo ndo unapata yule mtu wa kusema "mbona leo yule dada hajaja kuchukua maziwa". Hakuna kifaa cha dharura utakachonunua kikafanya kazi hiyo.

Ila kuwa makini na upande wa pili, wajulishe hao wachache wanaostahili, sio dunia nzima. Vijana wa bodaboda kijiweni wakikuuliza unalala wapi na nani, waambie una wenyeji wako. Picha za kijumba na mandhari ziweke mtandaoni ukishaondoka. Mlango uwe na komeo la ndani, na tochi iwe mahali pamoja kila usiku. Na mtu wako wa Nairobi mpangie saa, mfano saa moja jioni ujumbe mmoja, sio lazima mpige stori, na mkubaliane kabisa usipotuma mpaka saa ngapi anapiga kwa nani.

Hilo la kuwasha pikipiki na kujikuta mjini nalielewa sana na usijione umechanganyikiwa. Ukiwa barabarani akili haina nafasi, kuna shimo hapa, mbuzi pale, basi linakuja linakata kona upande wako, petroli itafika au haitafika, wingu lile ni mvua au linapita, kutwa nzima barabara ndo inakuamulia cha kufanya na wewe unajibu tu. Wiki na wiki hivyo. Halafu ghafla unasimama, hakuna anayekuamulia, mikono bado inatafuta klachi. Mwili unadai ile hali, na kitu cha karibu cha kuurudishia ni ufunguo wa pikipiki. Sasa usiuzime kwa nguvu, upe kazi nyingine ya mikono. Siku ambazo huna kazi ya mikono asubuhi ndo siku ambazo utashuka mjini bila sababu, hilo nimeliona kwa karibu kila mtu.

Nakisia tu lakini mabegi yako ya pembeni bado yamejaa, unachomoa nguo moja moja kama uko kempu ya usiku mmoja. Kama ni kweli, yamwage yote. Piga misumari ukutani utundike nguo, panga sufuria, meza iweke dirishani, mabegi matupu yaweke chini ya kitanda usiyaone. Mtu hawezi kutulia mahali ambapo nusu ya mwili wake iko tayari kuondoka. Asubuhi chota maji, pasua kuni, fagia, hizo zifanye mapema kwa sababu kwenye masika ukungu unapenda kushuka mchana na baada ya hapo hata kuanika taulo huwezi. Nenda mjini siku za gulio na siku nyingine moja utakayoichagua, nyingine hapana. Jioni nunua redio ndogo ya betri, sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari saa mbili usiku inasaidia kuliko simu, simu inakuonyesha wenzako wanavyojirusha huko na wewe uko kwenye ukungu, redio inakuweka tu kwenye dunia. Ukiongea peke yako kwa sauti usiogope, kila anayekaa peke yake anaongea.

Usiku ni mrefu, karibu masaa kumi na mbili ya giza, na mtu akilala saa tatu kuamka saa nane ya usiku ni kawaida kabisa. Usiamue chochote saa hizo. Wazo la kufunga mizigo likija saa nane usiku liandike kwenye daftari ulisome saa nne asubuhi ukiwa umekunywa chai. Machozi nayo yakija yaache yatoke. Lakini mimi huwa natoa kama siku kumi hivi tangu mtu aanze kufuata ratiba, kama bado hulali kabisa, huli, unalia kila siku na hata asubuhi hupati nafuu, hama kijumba, chukua chumba Lushoto mjini au nyumba za wageni za masista ambako kuna watu wa kula nao, na umwone daktari. Safari haijaharibika kwa hilo.

Chakula sitakaa sana. Huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndo maana maharage yanachelewa kuiva na mkaa unaisha. Loweka tangu usiku. Jifunze makande kwa huyo mama jirani, ndo chakula cha milima hii na yanakaa mpaka kesho yake bila shida kwenye hiyo baridi. Mboga na matunda uko mahali pazuri, kabichi, karoti, mapeasi, maplamu ya msimu, mboga nyingi za sokoni Dar zinatoka huko.

Pikipiki ndo inanitia wasiwasi kidogo maana hukuisema kabisa. Wengi wanadhani ikisimama inapumzika, kumbe unyevu wa masika kwenye milima unaila kuliko barabara ya vumbi. Cheni ioshe kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe, ipake oili nzito, rudia kila wiki hata kama haijatembea. Usiifunike kwa turubai la nailoni linalogusa mashine, unyevu unabaki ndani na kutu inaanza, tafuta paa, hata la bati mbili na nguzo nne, hewa ipite. Tenki la chuma liache limejaa, nafasi tupu ndo inayotengeneza maji. Na usiwe unawasha dakika mbili asubuhi kuisikiliza na kuzima, hapo betri inatumika bila kurudishiwa na maji yanabaki kwenye ekzosi, afadhali usiiwashe kabisa wiki nzima, halafu ile siku yako ya gulio uiendeshe nusu saa ipate moto kweli. Usiiwashe ndani ya stoo iliyofungwa, ni ile hewa ya mkaa tena. Angalia panya, wanapenda kulala chini ya siti wanatafuna waya. Buti na glavu za ngozi usizifungie kwenye begi, zitaota kuvu ndani ya wiki mbili, tundika karibu na mlango.

Barabara ya kushuka Mombo kupitia Soni ni lami, kilometa 33, lakini kwenye mvua kubwa udongo huwa unaporomoka na mawe yanabaki kwenye kona, kwa hiyo ikinyesha usiku kucha subiri magari yapite kwanza uulize. Na kibali cha pikipiki ulichopewa mpakani, pamoja na bima na muhuri wa paspoti, vyote vinahesabu siku hata wewe ukiwa umekaa unakula makande. Vitoe leo usome tarehe, kama kimoja kinaisha kabla ya Juni kashughulikie mapema usije ukakutana nalo barabarani.

Mwisho swali lako la kupoteza muda. Ukiondoka leo katikati ya masika, utapigwa mvua kuanzia Segera, Chalinze mpaka Morogoro na ukitaka kuchepuka njia za vumbi utakutana na tope. Ukiondoka mwanzoni mwa Juni unakuta njia imekauka, Mikumi, Iringa, Mbeya baridi lakini kukavu, unavuka Kasumulu kuingia Malawi kwenye hali ya hewa nzuri kabisa ya kuendesha. Tena kuna jambo wasafiri wengi wa kwetu hawalihesabu, Cape Town mvua yake ni ya majira ya baridi, mwezi wa sita mpaka wa nane, kule ndo kunanyesha na upepo juu. Kwa hiyo ukikimbia saivi unatoka kwenye masika yetu unakwenda kuwahi mvua zao. Toka Lushoto mwanzoni mwa Juni, tembea taratibu, kaa ziwani Malawi, Zambia usiipite mbio, ufike kusini kuanzia Septemba. Hivyo muda unao, wala hujaupoteza. Mimi ningekaa. Siku ya kuondoka jaza petroli Mombo, badilisha oili kabla hujashuka, na pale Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi karibu kilometa 50, punguza mwendo, usipite usiku, tembo na nyati wanavuka pale muda wowote.